Sura ya 7: Chubwi na Sufuria

"Risasi inayeyuka hata kwenye jiko la mkaa. Kwa nini basi ninunue chubwi dukani?"

Swali hili wanaliuliza wavuvi wa Bwawa la Mindu, wanaliuliza vijana wa Mzinga wanaoshuka na mishipi yao jioni, na atakuuliza yeyote anayeishi karibu na maji na karibu na gereji. Si swali la mzembe. Chubwi ni kile kizito kinachofungwa kwenye mshipi, au kwenye kamba ya chini ya wavu, ili uzame na kutulia. Ni kitu kidogo na kinapotea kila mara. Kinanasa kwenye jiwe au kwenye kisiki kilichofunikwa na maji, mshipi unakatika, na mvuvi anarudi kutoa hela kwa ajili ya kitu kitakachopotea tena keshokutwa. Wakati huohuo kwa fundi tairi kuna vipande vya risasi vimetupwa chini, na kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kuna betri zimerundikwa hadi dirishani. Anayeona vyote hivyo asiwaze kujitengenezea chubwi, labda hajawahi kuvua.

Risasi ninayoizungumzia ni madini, yale laini ya kijivu, si ile ya bunduki. Nalisema mapema kwa sababu tuko Mzinga, na nje ya Morogoro ukitaja jina hilo watu hufikiria kwanza Shirika la Mzinga, kiwanda cha jeshi cha tangu miaka ya 1970. Sura hii haihusu kiwanda. Inahusu ua wa nyuma, jiko la mkaa, sufuria kuukuu, na watoto wanaocheza hatua chache kutoka hapo.

Jibu langu lina sehemu mbili. Unaweza, na kazi yenyewe ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Lakini kwa maji ya huku kwetu huihitaji hata kidogo, na gharama yake hulipwa na mtu mwingine ambaye hakuulizwa.

## Maji tunayoyavua

Mto Mzinga unashuka kutoka milima ya Uluguru na kuingia Bwawa la Mindu, pamoja na Ngerengere, Mlali, Lukulunge na Mgera. Bwawa hilo lilijengwa kwa ajili ya maji ya mji na viwanda, na likakamilika miaka ya 1980. Uvuvi ulikuja wenyewe, kama unavyokuja popote panapotuama maji. Humo mna perege na kambale, na wavuvi hutumia nyavu za kutega na ndoana. Maji yanayotoka bwawani huendelea na Ngerengere mpaka yanaingia Ruvu, na Ruvu ndio mto unaotegemewa na Dar es Salaam.

Kumbuka mambo mawili kuhusu maji haya, maana nitayarudia. Kwanza, tunakunywa tunamovua. Pili, bwawa halina mkondo mkali, na sehemu yake kubwa ina kina cha mita chache tu. Mvuvi wa Mindu hashindani na bahari ya kina kirefu wala na mto uliofurika. Kazi ya chubwi hapa ni nyepesi.

## Kwa nini wavuvi waliipenda risasi

Chukua kipande cha kitu chenye ukubwa wa sentimita moja kila upande. Kikiwa cha maji kina uzito wa gramu 1. Cha udongo uliochomwa kina gramu 2 hivi, cha jiwe la kawaida gramu 2.6, cha chuma karibu gramu 8. Cha risasi kina gramu 11.3. Ndiyo maana chubwi ya risasi huwa ndogo na nzito: inazama haraka, haisukumwi sana na mkondo, na haichukui nafasi mfukoni.

Sifa ya pili ni ulaini. Risasi unaikwangua kwa ukucha, unaikata kwa kisu, unaibana kwenye mshipi kwa koleo. (Wengi huibana kwa meno. Acha, leo hii.) Haioti kutu ya kuiharibu, kwa hiyo chubwi ya babu bado inafaa kwa mjukuu.

Sifa ya tatu ndiyo iliyozaa swali letu. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,538, na hapo unahitaji tanuru la kiwandani. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327. Mkaa uliokolea kwenye jiko la kawaida unalipita joto hilo bila hata kupepewa sana. Kwa hiyo kazi ambayo kwa madini mengine ingehitaji mhunzi, kwa risasi inahitaji tu mtu mwenye jiko.

## Kazi yenyewe inavyokwenda

Kusubu ni kuyeyusha madini na kuyamimina kwenye umbo. Lile umbo tupu linaloyapokea huitwa kalibu. Kalibu ya chubwi inaweza kuwa ya chuma, ya jiwe laini lililochongwa, au ya udongo uliochomwa. Zilizo nzuri huwa na pande mbili zinazokutana, na tundu la kumiminia juu. Kabla ya kumimina huwekwa waya au kipande cha chuma katikati, na kikichomolewa baadaye huacha tundu la kupitishia mshipi.

Vipande vya risasi hutiwa kwenye chombo cha chuma juu ya moto. Kwa muda havifanyi lolote, kisha ghafla vinalegea na kuwa kimiminika kinachong'aa. Juu yake hutanda utando wa kijivu au wa manjano, uchafu unaotokana na risasi kukutana na hewa ya moto. Mwenye kazi huuondoa kwa kijiko, huchota risasi kwa upawa mdogo, humimina kwenye kalibu kwa mkupuo mmoja, na baada ya dakika chache hufungua na kutoa chubwi. Kilichozidi kwenye tundu la kumiminia hukatwa na kurudishwa chomboni. Kazi yenyewe ndiyo hiyo yote. Anayekuambia ni ufundi mgumu anakudanganya, au anauza chubwi.

Wengi hukosea uzito. Lita moja ya risasi ina zaidi ya kilo 11. Sufuria ya alumini ya kupikia maharage haikutengenezwa kubeba mzigo huo juu ya moto. Alumini hulegea joto likipanda, na mpini wake umefungwa kwa ribiti mbili ndogo. Sufuria ikipasuka au mpini ukichomoka, kimiminika cha zaidi ya nyuzi joto 300 kinamwagikia miguu ya aliyevaa ndala.

Jingine ni maji. Tone la maji likifunikwa na risasi ya moto hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke unahitaji nafasi mara 1,600 hivi kuliko maji yaliyouzaa. Nafasi hiyo haipo, kwa hiyo risasi hurushwa juu kwa kishindo. Kalibu ya udongo isiyokauka, mchanga mbichi, kijiko kilichooshwa sasa hivi, hata kipande cha risasi kilicholala nje na umande na kutupwa chomboni: vyote vinatosha. Macho ndiyo huumia kwanza. Huku Uluguru, ambako mvua huweza kukushtukiza mchana kweupe, kusubu nje bila paa ni kamari.

Lakini kuungua kunaonekana, na kinachoonekana watu hujifunza kukiepuka. Shida kubwa zaidi ya risasi haina moto wala kishindo.

## Vumbi linaloingia ndani

Utando ule wa kijivu ulioondolewa kwa kijiko umekwenda wapi? Mara nyingi umegongwa chini, pembeni mwa jiko. Ukipoa huwa unga laini. Mtu anaukanyaga, kuku wanaparua, upepo unachukua kiasi, na mtoto anayejifunza kutambaa anapitisha mkono hapo kisha anautia mdomoni, kama watoto wote wafanyavyo. Chombo kikiachwa motoni kikapata joto kupita kiasi, mvuke wa risasi nao hupanda, hupoa hewani, na kushuka kama vumbi lisiloonekana juu ya nguo zilizoanikwa na vyombo vilivyo kichanjani.

Risasi haina kazi yoyote mwilini. Inaingia kwa kumezwa au kuvutwa na pumzi. Mwili unaidhania kuwa kalisi, ile inayojenga mifupa, kwa hiyo huihifadhi kwenye mifupa kwa miaka mingi. Mwanamke akipata ujauzito na mifupa yake ikitoa kalisi kwa ajili ya mtoto, risasi iliyolala humo miaka mingi nayo inatoka na kumfikia mtoto tumboni.

Watu wazima wakimeza risasi, sehemu kubwa hupita na kutoka. Watoto wadogo, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Mtoto mwenye upungufu wa madini chuma au kalisi hufyonza zaidi tena, na watoto wa namna hiyo tunao wengi. Inapofika kwenye ubongo unaokua huharibu uwezo wa kujifunza, utulivu na usikivu. Kinachoharibika hivyo hakirudi. Dozi kubwa huleta tumbo la kukata, upungufu wa damu, degedege na kifo. Dozi ndogo hazileti dalili yoyote ya kumpeleka mzazi hospitali. Mtoto anakuwa tu mzito shuleni, na mwalimu anaandika kwamba hasikilizi.

Tuipime. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na mwaka 2021 lilielekeza kwamba mtu akikutwa na mikrogramu 5 kwa kila desilita ya damu, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Mikrogramu ni sehemu ya milioni ya gramu, na desilita ni sehemu ya kumi ya lita. Mtoto wa kilo 13 hivi ana damu ya lita moja. Kwa hiyo kumfikisha kwenye kiwango hicho, risasi yote iliyo ndani ya damu yake ni mikrogramu 50. Chubwi moja ya gramu 50 ina kiasi hicho mara milioni moja.

Nilipoifanya hesabu hiyo mara ya kwanza niliirudia, nikidhani nimeongeza sifuri. Sikuongeza.

*Kwa ufupi hadi hapa:* risasi huyeyuka kirahisi, na urahisi huo ndio mtego. Moto na mvuke humwumiza anayesubu. Vumbi humwumiza mtoto wa nyumba hiyo au wa jirani, polepole na bila dalili.

## Thiaroye na Owino Uhuru

Haya yamekwisha kutokea, na hayakutokea mbali na maisha yanayofanana na yetu.

Thiaroye-sur-Mer ni kitongoji cha pwani karibu na Dakar, Senegal. Watu wa hapo walikuwa wakivunja betri za magari na kuchukua risasi yake. Bei ya risasi ilipopanda, hata mchanga uliochanganyika na mabaki ya betri ukawa mali: wanawake waliuchimba, wakauchekecha, wakauhifadhi majumbani, na watoto wakiwa pembeni au mgongoni. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walifariki. Mwanzoni vifo havikueleweka. Damu ilipopimwa, ndugu zao na mama zao nao walikutwa na risasi kwa viwango vya kutisha.

Owino Uhuru iko Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi ubavuni mwa makazi hayo. Phyllis Omido aliajiriwa hapo, na mwanawe aliyekuwa akinyonya akaugua. Madaktari walianza na malaria, wakaenda na homa ya matumbo, kama ambavyo daktari yeyote wa Afrika Mashariki angeanza. Ilikuwa risasi, iliyompata kupitia maziwa ya mama. Omido aliacha kazi, akapambana. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, yeye akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Rufaa zikaendelea mpaka Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2024 iliirudisha fidia hiyo iliyokuwa imetenguliwa.

Utasema hicho kilikuwa kiwanda, na mimi nina kopo moja tu. Ni kweli, kiasi hakilingani. Ila kiwanda kilikuwa na ukuta na bomba la moshi, na jiko lako liko hatua tatu kutoka mlango wa chumba cha kulala. Huko Cartagena, Kolombia, watafiti waliwapima watoto wa jamii za wavuvi ambako chubwi husubiwa nyumbani, na wakawakuta na risasi nyingi kwenye damu. Hakukuwa na kiwanda. Kulikuwa na baba wanaotafuta riziki.

Somo la Mombasa kwa mzazi ni dogo na la vitendo. Ikiwa nyumbani kwenu risasi imeyeyushwa, mwambie daktari. Hawezi kukisia, na bila kipimo cha damu hakuna dalili itakayomwonyesha.

## Betri usiiguse

Hili nalitenga kwa sababu betri ndiyo risasi ya bei nafuu, na ndiyo inayoua. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi, lakini sehemu kubwa ya hiyo si kipande kigumu. Ni tope: risasi iliyokwisha kuungana na oksijeni na asidi, ambayo ikikauka inakuwa vumbi jepesi kuliko lolote utakalolipata kwenye chubwi ya zamani. Asidi yenyewe huchoma ngozi na kutoboa nguo. Ile nyavu ya ndani iliyo ngumu huwa imechanganywa na madini mengine, antimoni kwa mfano, yenye sumu zake.

Kisheria betri chakavu ni taka hatarishi, yaani taka ambayo kuikusanya na kuisafirisha kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na msimamizi ni NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Ukiwa nayo, irudishe ikiwa nzima, na asidi yake ndani, kwa muuza betri anayepokea za zamani. Anayemwaga asidi mtaroni ili mzigo uwe mwepesi ameipeleka mtoni, na mito yetu inakoelekea tumeshakutaja.

## Inayopotea majini

Chubwi ikikatika haipotei. Inakaa chini ya maji, ikimong'onyoka taratibu. Nchini Uingereza waligundua kwamba mabata maji makubwa yaitwayo swani yalikuwa yakifa kwa kumeza chubwi ndogo. Ndege wa aina hiyo humeza vijiwe ili vimsagie chakula tumboni, na chubwi ya mviringo ni kijiwe kizuri sana. Tangu mwaka 1987 chubwi za risasi zenye uzito kuanzia gramu 0.06 hadi gramu 28.35 zimezuiwa huko. Kanada ilizikataza kwenye hifadhi zake za taifa mwaka 1997. Denmark ilikwenda mbali zaidi, ikapiga marufuku uuzaji wa vifaa vya uvuvi vyenye risasi.

Hata hivyo sitaki kutia chumvi. Chubwi kadhaa chini ya Mindu haziwezi kuufanya mji mzima uugue. Kwa binadamu, hatari kubwa ya chubwi iko kwenye jiko, kabla haijafika majini. Kwa ndege iko majini.

## Hesabu ambayo muuza chubwi haifanyi

Sasa turudi kwa mvuvi na mfuko wake. Kitu kikizama, maji hukisukuma juu kwa kiasi cha nafasi kilichochukua. Kwa hiyo uzito unaoshikilia mshipi si ule wa mizani ya sokoni. Chubwi ya risasi ya gramu 100 huvuta kama gramu 91 ikiwa ndani ya maji. Ili upate mvuto huohuo kwa vitu vingine unahitaji:

- chuma: gramu 104
- jiwe: gramu 148 hivi
- udongo uliochomwa vizuri: gramu 180 hivi

Soma mstari wa kwanza tena. Tofauti ya risasi na chuma ni gramu nne. Chuma hakiyeyushwi nyumbani, lakini hakina haja ya kuyeyushwa, kwa sababu kimekwisha kuwa na umbo. Nati na boliti chakavu za gereji zina tundu au shingo ya kufungia. Nondo ni bora zaidi: kipande cha nondo ya milimita 12 chenye urefu wa sentimita 12 kina gramu 107 hivi, na cha milimita 16 kinahitaji sentimita 7 tu. Kila nyumba inayojengwa Morogoro huacha vipande hivyo. Msumeno wa chuma na tupa ya kulainisha ncha isikate mshipi, na umemaliza. Kitaota kutu, na kutu ya chuma haimdhuru perege wala mtoto.

Tofauti inayobaki ni ukubwa. Jiwe la gramu 148 huchukua nafasi mara sita ya risasi, kwa hiyo kwenye mkondo mkali husukumwa zaidi. Mvuvi wa mshipi wa kina kirefu kule Bagamoyo au Mafia ana hoja anapolikataa. Mvuvi wa bwawa hana. Na kwa wavu wa kutega, unaotakiwa kusimama wima tu kati ya maboya yaliyo juu na vizito vilivyo chini, ukubwa haudhuru chochote. Ziwani Victoria nyavu nyingi zimesimamishwa kwa mawe, na samaki hawajalalamika.

## Ukishikilia kwamba lazima iwe risasi

Wapo watakaosubu hata baada ya kusoma haya. Siwapendekezei, ila nisipowaambia watafanya vibaya zaidi.

- Isiwe nyumbani. Tafuta mahali pa wazi penye paa, mbali na makazi, kisima na mifugo, usimame upepo ukitokea nyuma yako. Kuku wanaodonoa vumbi hilo huipeleka risasi kwenye mayai, na mchicha wa uani hulala nayo kwenye majani.
- Watoto na wajawazito wasifike, wala wasifue nguo za kazi hiyo.
- Tumia vipande safi: chubwi za zamani, risasi za kusawazishia matairi. Hakikisha ni risasi kweli. Inakwanguka kwa ukucha, huchora mstari wa kijivu kwenye karatasi, na ukiidondosha haitoi mlio. Siku hizi vipande vingi vya matairi ni vya chuma au zinki.
- Chombo kiwe cha chuma kizito, na kisirudi jikoni maisha yake yote. Jiko nalo vilevile. Kuliosha hakusaidii.
- Kila kitu kiwe kikavu, na kalibu ipashwe moto kabla ya kumimina.
- Viatu vilivyofunika mguu, suruali ndefu iliyofunika viatu, glavu nene, miwani. Kitambaa puani hakizuii vumbi la risasi.
- Moto ukitosha kuyeyusha, usiuongeze.
- Uchafu wa juu uwekwe kwenye kopo la chuma lenye mfuniko, usimwagwe chini.
- Usile, usivute sigara, usishike simu katikati ya kazi. Ukimaliza nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, badilisha nguo kabla ya kumshika mtoto. Penye vumbi futa kwa kitambaa kibichi. Ukifagia unalirusha hewani.

Ukiitazama orodha hiyo na kuona ni ndefu mno kwa ajili ya chubwi kumi, umeielewa.

## Chubwi ya udongo

Kwa wavu wa Mindu mimi ningeanza na udongo. Ni chubwi ya kale sana. Wavuvi wa nchi nyingi waliitumia kabla ya kuijua risasi, na wachimbaji wa mambo ya kale huikuta mara kwa mara.

Tafuta udongo wa mfinyanzi, ule unaonata na kukunjika bila kupasuka. Uondoe vijiwe na mizizi, uukande na mchanga laini kidogo ili usipasuke ukikauka. Finyanga mabonge yenye ukubwa wa ndimu. Moja likiisha kuchomwa litakuwa na gramu 60 hivi na kuvuta kama gramu 30 majini. Toboa katikati kwa kijiti kinene kuliko kamba yako, kwa sababu udongo husinyaa na tundu husinyaa nao. Usiliache bonge na ncha wala ukingo, maana nyuzi za wavu hunasa hapo.

Anika kivulini, si juani, kwa wiki moja, au zaidi wakati wa masika. Jua huukausha upande wa nje kabla ya ndani, na bonge hupasuka. Kisha yapange kwenye shimo la kina kifupi, uyafunike kwa kuni na maganda makavu, uwashe moto mdogo kwanza ili unyevu uliobaki utoke, halafu uukoleze kwa saa kadhaa na kuyaacha yapoe humohumo hadi asubuhi. Kama unamfahamu mfinyanzi, mwombe ayachome pamoja na vyungu vyake. Atajua moto kuliko wewe na mimi.

Kabla ya kuyafunga kwenye wavu, yatie yote kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi, bonge lililolainika halikuiva, lirudishe kwenye moto unaofuata. Lililobaki gumu ligonge na mwenzake. Likilia, lifunge.